Unga Uliolala

Jirani mshonaji, yule mwenye cherehani dirishani, anasema kijana alizimia kwa njaa.

Anasema anajua anachosema, ingawa siku yenyewe hakutoka nje ya geti lake. Kwa maelezo yake, vijana wa siku hizi wanaamka na kuondoka bila kutia kitu mdomoni, wanajitumbukiza kwenye maji ya pangoni, baridi inawapiga, tumbo tupu, kichwa kinazunguka, basi. Tena mtu mwoga akishikwa na njaa, anasema, woga unazidi. Na ushahidi anao: kijana alipozinduka, neno la kwanza kumtoka lilikuwa la chakula.

Neno hilo unalikumbuka, msomaji, maana ndipo tulipomwacha wiki jana, midomo imemkauka, dada yake kamwinamia, sikio liko karibu na pumzi yake.

"Kiporo," alisema. Akafumba macho tena.

Jirani alipopata habari hiyo hakutaka kuambiwa mara mbili. Alipasha chakula chake cha jana, akakifunika kwa sahani, akavuka nacho uani huku akitangaza njia nzima kwamba mgonjwa amepata hamu ya kula. Kijana alikitazama kile chakula. Akageukia ukutani, mabega yakaanza kumtetemeka.

Jirani akasema basi, kama hataki cha jana, atampikia cha leo.

Dada mtu hakucheka wala hakumkaripia jirani. Ni mwanamke wa maneno machache, mdomo mzito na macho mepesi, na kwa kuwa kazi yake ni kwenye nyumba ya pampu inayosukuma maji ya mji, watu wote humwita Dada Pampu. Alipokea bakuli, akashukuru, akalifunika tena.

Halafu akakaa karibu na mdogo wake kumtazama akinywa maji. Kijana aliinua glasi, akafumba macho, ndipo akanywa. Mtu aliyekulia ndani ya maji, leo hawezi kuyatazama hata yakiwa ndani ya glasi.

Daktari alikuwa ameshasema mapafu ni safi na hakuna kilichovunjika. Mwalimu wao wa kuzamia naye ameshasema lake: kijana aliingiwa na hofu pangoni, akatema kipumulio mwenyewe, akanywa maji. Kijana hakumbuki kitu, na mtu asiyekumbuka huamini anachoambiwa.

"Dada," alisema bila kufumbua macho, "kumbe mimi ni mwoga. Mlikuwa mnanificha tu."

Hilo ndilo lililomnyanyua Dada Pampu pale kitini. Akatafuta begi lake la kuzamia, akatoka.

Nyuma ya nyumba ya pampu pana kidimbwi cha maji ya kijani, na chini ya kidimbwi kile ndipo pango linapoanzia. Maji ya mji mzima yanatoka humo. Bomba limeingia ndani kabisa, na kila likiziba maji yanakatika, ndiyo maana wakubwa wa kazi waliamua wapatikane watu wa kujifunza kwenda huko na kurudi wazima. Walichaguliwa Dada Pampu na mdogo wake. Mwalimu akaletwa, bwana mmoja mwenye sharubu mbili ndefu na mazoea ya kupenya mashimoni. Hata wiki haikuisha wakampachika jina la Kambale. Yeye mwenyewe alilipenda.

Wa tatu katika mafunzo hayo ni daktari wa meno, ambaye hakutumwa na mtu. Amejileta kwa mapenzi yake. Huyo anaitwa Mng'oa Meno, na anaongea tangu anapofika mpaka maji yanapomziba mdomo.

Siku hiyo Dada Pampu alimkuta barazani anapigana na suti yake ya mpira. Ilikuwa imepanda hadi kiunoni ikagoma. Alilalamika kwamba alimpelekea jirani mshonaji aipanue, na jirani akamjibu kwamba kazi yake ni kushona nguo, mambo ya tumbo awapelekee wenzake madaktari.

Akacheka peke yake. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukamfanya Dada Pampu ainue kichwa.

"Nina neno limenikaa kooni," alisema Mng'oa Meno. "Mdogo wako hakutapatapa. Alinyoosha gumba."

Hapa, msomaji, lazima nikueleze. Huku kwetu juu, mtu akikunyooshea kidole gumba anakuambia mambo ni safi. Chini ya maji siyo. Kule gumba maana yake turudi, sasa hivi, sote. Kambale mwenyewe ndiye aliyewafundisha siku ya kwanza: gumba halina mjadala. Mmoja akilinyoosha, mwenzake anamjibu kwa gumba na safari imeisha hapo. Sababu inaulizwa nchi kavu, watu wakishavua.

Dada Pampu akauliza mdogo wake alijibiwa nini.

Mng'oa Meno alisema mwalimu alimwonyesha kijana namba za mashine yake ya kupumulia, kwamba ziko sawa. Kisha akamtikisia kidole, kama unavyomkatalia mtoto sukari. Kijana akangoja. Akanyoosha tena. Akatikisiwa tena. Baada ya hapo ndipo kipumulio kilipomtoka.

"Na wewe ulifanya nini?"

Mng'oa Meno akavuta zipu, ikapanda yote kwa mara moja.

"Nilitazama pembeni," alisema.

Chumba cha stoo kilikuwa na harufu ya mpira na chokaa. Kambale alikuwa ameinama, mgongo mlangoni, anachota unga kutoka kwenye ndoo ya plastiki na kuujaza kwenye kopo la mashine.

Mashine hizo si kama mitungi ya kawaida inayotoa mapovu. Pumzi unayoitoa haiendi nje. Inazunguka ndani ya mabomba, inapita kwenye lile kopo la unga, na unga ndio unaokamata hewa chafu ili upande wa pili uvute hewa safi. Wanauita unga, lakini ni punje punje nyeupe. Ukianza kuchoka unageuka zambarau. Bila unga mzima, mtu anajivutia mwenyewe taka za mapafu yake.

Dada Pampu alisimama mlangoni mpaka mwalimu akahisi kuna mtu. Akamwambia alichosikia, chote, bila kumtaja aliyesema. Alidhani Kambale atakana.

Kambale hakukana.

"Nilimkatalia, ndiyo," alisema. "Namba zake zilikuwa nzuri. Kila mtu akinyoosha gumba kwa kuona giza, dada yangu, hilo bomba mtalifikia lini?"

"Anajiita mwoga, mwalimu. Hata bafuni haingii."

Kambale aliweka kopo chini. Si mtu mbaya, hilo Dada Pampu alilijua. Ni mtu ambaye mambo yamemnyookea mara nyingi mno hadi akadhani yatamnyookea siku zote.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba waende leo mpaka pale pale kijana aliposimama. Dada mtu apakague kwa macho yake. Akiridhika kwamba mdogo wake alifanya kama alivyofundishwa, basi yeye, Kambale, atafika nyumbani kwao, atakaa ukingoni mwa kitanda, atamwambia kijana kosa ni la mwalimu.

"Utamwambia hivyo mwenyewe?"

"Kwa mdomo wangu."

"Na mimi nikinyoosha gumba?"

Kambale akanyoosha la kwake. Lilikuwa jeupe kwa vumbi la unga.

"Papo hapo nakujibu," alisema. "Sitauliza."

Dada Pampu alikitazama kile kidole, macho yakateremka hadi kwenye ndoo. Ndoo ile aliijua. Siku mdogo wake alipotolewa amebebwa, aliona mashine yake ikifunguliwa na unga ukimwagwa humo humo ndani, na ulikuwa zambarau kama ua. Sasa ulikuwa mweupe.

Akauliza kama gunia jipya limeletwa.

Kambale alisema bado, wenye gari wanasumbua. Huu ni ule ule. Ulikuwa umechoka, umelala ndani ya ndoo, umepumzika, umerudi. Si anaiona rangi yake? Tangu zamani yeye haumwagi unga ambao bado unaweza kufanya kazi.

"Hata wewe ukilala," alisema akitabasamu, "si unaamka na nguvu mpya?"

Umelala. Neno hilo lilimgonga Dada Pampu mahali fulani kichwani, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Alitaka kusimama nalo kidogo alisikilize. Lakini Mng'oa Meno aliita kutoka nje kwamba suti inamchemsha akiwa hai, na Kambale alikuwa ameshamkabidhi mashine yake, na ahadi ilikuwa imeshatolewa.

Alitamani ahadi ile kuliko kitu chochote. Akavaa.

Pangoni kuna ukimya ambao juu haupo. Mashine hazitoi mapovu, kwa hiyo mtu husikia moyo wake mwenyewe na mlio mdogo wa pumzi ikipita kwenye mabomba, kwenda na kurudi. Kamba nyeupe imefungwa tangu mlangoni, na kazi ya mzamiaji ni kuwa na kamba hiyo karibu na mkono kila wakati, maana ndiyo njia pekee ya kurudi ikiwa taa zitazimika au tope litatibuka.

Dada Pampu alitangulia. Nyuma yake Mng'oa Meno. Kambale wa mwisho, ili awaone wanafunzi wake wote wawili.

Walishuka. Kuta zilikaribiana, zikaachana, zikakaribiana tena. Wakafika mahali panapoitwa Shingo, ufa mwembamba ambao mtu hupita akiwa amelala kifudifudi, mashine ikikwaruza mwamba juu na kifua kikifuta tope chini. Hapapiti wawili. Dada Pampu akapenya. Mng'oa Meno akafuata, kwa shida, tumbo likikumbuka maneno ya jirani.

Ng'ambo ya Shingo kuna chumba kikubwa cha maji. Bomba la mji linaonekana upande wa kushoto, jeusi, limelala kama mnyama.

Na hapo ukutani, karibu na kamba, kulikuwa na alama ya mkono.

Ukuta ule ni wa udongo laini. Mtu aliyetapatapa angeuchana kwa kucha, angeacha mikwaruzo kila upande. Hapa hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Palikuwa na kiganja kimoja tu, kimezama sawasawa, vidole vyote vinahesabika. Mkono wa mtu aliyejishikiza ili asielee, huku mkono wa pili ameunyoosha mbele anangoja ajibiwe.

Alingoja. Udongo wenyewe ulikuwa unasema. Alingoja kama alivyofundishwa.

Dada Pampu aliweka kiganja chake juu ya kile. Machozi ndani ya miwani ya kuzamia ni kitu kibaya, hayana pa kwenda. Akajikaza. Jibu la kumpelekea mdogo wake amelipata, na Kambale atakuja kulisema, na kijana atafumbua macho anapokunywa maji.

Aligeuka ili awaonyeshe wenzake. Ndipo alipogundua kwamba kichwa kinamuuma.

Hakikuanza ghafla. Kilikuwa kinauma tangu kabla ya Shingo, ila alidhani ni kamba za miwani zimekaza. Sasa kilibana kama ndoo iliyovishwa kichwani kwa nguvu. Akavuta pumzi ndefu. Haikumtosha. Akavuta nyingine haraka. Hiyo nayo haikutosha, na ya tatu alijikuta ameshaivuta bila kuamua.

Akatazama namba. Namba zilikuwa nzuri.

Zile namba zinapima hewa ya uhai tu, kama ipo ya kutosha. Hewa chafu hazina habari nayo. Hewa chafu ni kazi ya unga, na unga hauna namba. Una rangi tu.

Unga uliolala.

Sasa lile neno halikubisha tena hodi. Liliingia na kukaa. Katika nyumba zote alizowahi kuishi, chakula kikilala hakiitwi kimepumzika. Kikilala kinaitwa kiporo. Unaweza kukipasha, unaweza kukipanga vizuri kwenye sahani mpaka kikapendeza macho, lakini cha jana ni cha jana.

Mdogo wake hakuwa anaomba kula. Alikuwa anamwambia kilichompata: alivutishwa pumzi kwa unga wa jana. Kumbukumbu yote ilikuwa imefutika likabaki neno moja, na neno hilo wao wakalipashia moto, wakalifunika kwa sahani.

Akammulika Mng'oa Meno. Yule bwana alikuwa ameshika bomba la mji kwa mikono miwili, na mifuko ya mpira kifuani pake, ile inayojaa na kupungua kwa kila pumzi, ilikuwa inapanda na kushuka kama ubavu wa mbwa aliyetoka kukimbizwa.

Ubavuni mwa kila mzamiaji unaning'inia mtungi wa akiba, wa hewa ya kawaida isiyopita kwenye unga. Ukiwa na shaka na mashine, unahamia huko. Darasani ni rahisi: funga kipumulio kabla hakijatoka, kitoe, tia kingine. Lakini jaribu kumwambia mtu anayezama atoe mdomoni kile kitu kimoja anachovutia. Taya zilimgomea Dada Pampu. Kila alipotaka kukitoa, mwili ulidai pumzi moja zaidi, moja tu, halafu nyingine.

Alifikiria kiganja cha ukutani. Akafunga, akakitoa, akatia cha akiba.

Hewa iliingia baridi na kavu. Mapovu yakamtoka kwa kishindo, ya kwanza kusikika pangoni siku hiyo, yakapiga dari. Dari ikajibu kwa kumwaga tope, jembamba kama moshi.

Hakungoja. Alimfuata Mng'oa Meno, akamshika kisogo kama yeye anavyowashika wagonjwa wake, akamfungia kipumulio, akakichomoa na kumsukumia cha mtungi wa akiba kabla hajajua anafanywa nini. Yule bwana alirusha mateke. Kisha akapumua. Macho yalimtoka nyuma ya kioo, akatulia, akamshika bega asimwachie.

Maji yalikuwa yanaanza kuwa meupe. Tope lilishuka kutoka darini kwa kila pumzi yao, na pumzi zao zilikuwa nyingi, na mitungi ile haikutengenezwa kwa watu wanaohema namna hiyo.

Ilibaki jambo moja dogo: kurudi. Na njia ya kurudi ni Shingo.

Kambale alikuwa bado hajapita. Alikuwa ndani ya ule ufa, kifua na kichwa viko upande huu, kiuno na miguu viko upande wa pili, kama mtu aliyechungulia dirishani akaona uvivu kuingia. Amejaa pale pote. Hakuna wa kupita, wala kwa juu wala kwa chini.

Kipumulio cha mashine kilikuwa bado mdomoni mwake. Na unga wake, alikuwa ameuchota kwenye ndoo ile ile.

Dada Pampu alimsogelea akiwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, Mng'oa Meno kamng'ang'ania nyuma. Alijisogeza mpaka mwanga wa taa yake ukaingia ndani ya miwani ya mwalimu. Macho ya Kambale yalikuwa wazi. Sharubu zake zilikuwa zinapepea taratibu kwenye maji. Taa yake mwenyewe ilikuwa imeelekea chini, imemulika jiwe moja tu, haiondoki.

Akanyoosha gumba.

Macho ya mwalimu yalihama. Yalikiona. Yalitoka kwenye kidole yakaenda usoni mwa Dada Pampu, yakarudi kwenye kidole, kama mtu anayesoma herufi za lugha aliyowahi kuijua.

Papo hapo nakujibu, alikuwa amesema. Sitauliza.

Nyuma yake Mng'oa Meno alikuwa anahema, mapovu yakigonga dari, tope likishuka juu yao wote watatu. Dada Pampu alijishikiza ukutani ili asielee, kiganja kikazama kwenye udongo laini. Akausogeza mkono wa pili mbele mpaka kidole kikagusa kioo cha miwani ya mwalimu, akakiacha hapo, kimesimama wima katikati ya mwanga.

Kambale alikitazama.

Mkono wake ulibaki pale pale juu ya mwamba.